Panga Moja kwa Kibanja Kizima? Majibu kwa Yanayosemwa Bukoba na Muleba

Ndani ya kibanja cha Bukoba au Muleba, migomba na mibuni imekaa bega kwa bega, maharage yako chini yake, na mwenye shamba anapita katikati ameshika chuma. Kwa chuma hichohicho anakata majani ya kufunikia ndizi jikoni, anaangusha mkungu, anapogoa mibuni, anachanja kuni na kupalilia pembezoni mwa njia. Mazungumzo ya mapanga kwenye magulio yetu huhusu bei, ukali na uzito. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza chuma hicho kinaacha jeraha la namna gani, na kabla ya hapo kilipita wapi.

Kwangu hayo ndiyo maswali ya kwanza. Mwaka 1997 mnyauko fuzari wa kahawa ulithibitishwa mkoani Kagera. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa Muleba, mara ya kwanza katika Tanzania. Wa kwanza unaletwa na kuvu na kuua mbuni, wa pili unaletwa na bakteria na kuua mgomba. Magonjwa haya hayana undugu, lakini vimelea vyote viwili hupenda kuingilia penye jeraha, na majeraha mengi ya kibanja tunayatia sisi wenyewe. Kwa hiyo kuchagua makali ni sehemu ya kilimo sawa na kuchagua mbegu, na inanisikitisha kuona jambo hili likiachiwa mazoea. Yapo madai ambayo nimeyasikia mno, na kila moja nataka kulijibu.

"Waitu, panga ni panga. Moja linatosha kazi zote."

Hili ndilo mzazi wa mengine, kwa hiyo nitalikalia kwa muda. Shina la mgomba si mti. Ni vitako vya majani vilivyoviringana kimoja juu ya kingine, laini, vimejaa maji. Chuma kinachofaa hapo ni bapa refu na jembamba, lililonolewa kwa mteremko mrefu, takriban nyuzi 20, ili likate kwa kuteleza na si kwa kusukuma. Mbuni ni mti mgumu. Makali membamba ya panga la migomba yakigonga tawi la mbuni hujikunja au humeguka, na mkulima akirudi kwenye mgomba anakata kwa ukingo wenye mapengo, unaochana nyuzi na kuacha kidonda kilichotatuka. Akifanya kinyume chake, akanoa panga kwa pembe butu ya nyuzi 30 au zaidi ili lihimili kuni, basi kwenye mgomba atalazimika kupiga mara mbili au tatu pale ambapo pigo moja lingetosha.

Mbuni wenyewe haufai kupogolewa kwa panga hata liwe kali vipi. Panga hushuka na uzito wake, hulipasua tawi kabla ya kulikata, na gome hubaki likining'inia kama ulimi. Maji ya mvua hukaa humo, na mvua za hapa kwetu kando ya ziwa hazina mchezo. Matawi yasiyozidi unene wa kidole gumba ni kazi ya mkasi wa kupogolea, na mkasi wenyewe uchague ule ambao meno yake mawili yanapishana. Ule mwingine, ambao jino moja hugonga kibao, huponda kuni mbichi upande mmoja, uuache kwa matawi makavu. Kwa tawi nene au shina zee linalokatwa ili mbuni uchipue upya, chukua msumeno. Shina hukatwa sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji yatiririke. Hakuna mkono unaoweza kutoa mkato huo kwa panga bila kupasua kisiki.

Nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, za kutandaza kibanjani zinataka fyekeo au mundu. Kumenya tunguu la chipukizi kabla ya kulipanda, ili kuondoa mayai na mashimo ya fukusi, kunataka kisu kifupi kinachotii vidole. Wapo wanaosema kumenya tunguu ni kulidhoofisha. Si kweli, tunguu lililomenywa likabaki jeupe huota vizuri, na lisilomenywa hupeleka wadudu wa kibanja cha zamani katika kibanja kipya.

Najua jibu litakalofuata: mkasi na msumeno ni ghali. Ni ghali kweli kwa kaya moja. Lakini majirani wanaouza kahawa kwenye chama kimoja cha msingi wanaweza kumiliki mkasi mmoja na msumeno mmoja kwa zamu, mibuni haipogolewi kila siku. Sharti ni moja, kwamba kila chombo kisafishwe kabla ya kuhamia kwa jirani, nalo ndilo linalonipeleka kwenye dai la pili.

"Kisu kikiwa kikali, ukakifuta kwa jani, ni kisafi."

Mkoa wa Kagera hauhitaji kufundishwa upya jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983, na kwa machungu makubwa watu walijifunza kwamba wembe unaong'aa unaweza kubeba kifo kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Mgomba na panga ni hivyohivyo. Bakteria wa mnyauko wamo ndani ya utomvu. Ukikata shina lililougua na kusubiri kidogo, utaona ute wa rangi ya malai au njano ukichuruzika kwenye mkato. Kiasi kidogo cha ute huo, kisichoonekana kwa macho, kikibaki kwenye bapa kinatosha kuambukiza mgomba unaofuata. Kufuta kwa jani la mgomba ni kuusambaza utomvu juu ya chuma, na pengine kuongeza mwingine.

Kuna ubaya zaidi. Mgomba ulioambukizwa hauonyeshi dalili siku hiyohiyo. Huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kabla majani hayajageuka njano na kunyauka, au ndizi hazijaiva kabla ya wakati na kuonekana na kutu ya kahawia ndani. Kwa hiyo kauli ya "nimekata migomba mizima tu" haina uzito. Mzima kwa macho anaweza kuwa ameshaambukizwa. Usafi wa panga hauanzi pale unapoona ugonjwa. Huanza kwenye mgomba wa kwanza wa asubuhi na kurudiwa kabla ya kuhamia shina lingine.

Hapo ndipo linapoingia panga la mnunuzi. Watu husema, "Mnunuzi anakata mwenyewe, kazi ni yake." Hapana, kibanja ni chako. Anayenunua mikungu hupita vibanja vingi kwa siku moja, kuanzia Izigo hadi Kamachumu, na panga lake limeonja utomvu wa kila mahali. Mwenye nyumba akimwambia kwa upole kwamba hapa tunakata kwa panga la hapa, hakuna ubishi wa bei unaotokea. Ukarimu wa Mhaya hauhitaji kumwachia mgeni akate kwa chuma chake. Na kama hilo linaonekana kuwa gumu kulisema, mkate mkungu wewe mwenyewe kabla hajafika.

"Ua la mgomba likatwe kwa kisu, ndiyo njia ya usafi."

Hapa makali bora ni kutokuwa na makali kabisa. Ua dume, lile la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu, huvutia nyuki na wadudu wengine. Magamba yake yanapodondoka huacha vidonda vibichi vinavyotoa maji, na mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa huwaingiza bakteria kwa mlango huo ulio wazi. Kulitoa ua hilo mapema, mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, ni kinga kubwa. Lakini ukilitoa kwa kisu kilichotoka kwenye mgomba mwingine, umeufunga mlango wa wadudu na kufungua wako.

Tumia mti mrefu wenye panda. Iingize panda kwenye bua la ua, zungusha mpaka livunjike. Mti haubebi utomvu kutoka jeraha hadi jeraha kama chuma kinachopenya, kwa sababu bua huvunjika lenyewe bila kukatwa na panda. Mgomba wa Nshakara au Nyoya uliokwenda juu haukupi shida, ongeza tu urefu wa mti. Wanaodai kwamba mkungu hupungua ukiondolewa ua wamekosea, chakula kilichokuwa kikienda kwenye ua hurudi kwenye ndizi. Katika ushauri wote unaotolewa na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku na wenzao wa Uganda na Kongo, sijui mwingine ulio rahisi kama huu, wala wenye gharama ndogo kama huu, na bado napita vibanja ambavyo maua yamening'inia mpaka yanaoza. Hilo linaniuma.

"Moto unaua panga."

Dai hili lina punje ya ukweli, na kwa sababu ya punje hiyo limewazuia wengi kusafisha mapanga kwa moto. Chuma cha panga hupata ugumu wake kwa kupashwa hadi kuwa chekundu, kuzamishwa ghafla kwenye maji au mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto dogo ili kisiwe cha kuvunjika. Ukilirudisha kwenye joto kubwa kuliko lile la mwisho, ugumu unaondoka na makali hayakai tena. Dalili zinaonekana kwa macho: chuma safi kikifika nyuzi joto 220 hivi hugeuka rangi ya majani makavu, kikifika 300 hivi huwa buluu. Panga lililoachwa kwenye mafiga mpaka likawa jekundu limeharibika kweli.

Lakini bakteria hawasubiri nyuzi 220. Hufa kwa joto la chini ya maji yanayochemka. Pitisha bapa juu ya mwali, pande zote mbili, likitembea bila kusimama mahali pamoja, mpaka liwe na moto kiasi cha kutoweza kuligusa. Hapo limetosha. Likianza kubadilika rangi umezidisha, hasa kwenye ukingo, ambao kwa wembamba wake hupata moto kabla ya mgongo. Mwenye migomba mingi atembee na mapanga mawili na chombo cha makaa: moja linapashwa, lingine linafanya kazi. Liache lipoe lenyewe kabla ya kulitumia.

Jik, dawa ya kufulia ambayo wengine huitumia badala ya moto, nayo hulaumiwa kwamba inakula chuma. Inakula, hilo si uongo. Kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo vitano vya maji huua bakteria vizuri, na hicho hicho hulitia panga madoa ya kutu likiachwa hivyo hadi kesho. Dawa yake haina siri: mwisho wa kazi suuza kwa maji, futa, paka mafuta. Kumbuka pia kwamba Jik huisha nguvu ikijaa udongo na utomvu au ikikaa juani, basi futa panga kabla ya kulizamisha, na maji yakichafuka yamwage utengeneze mengine. Mkasi wa kupogolea wenye springi hauvumilii Jik kwa muda mrefu, huo naupendelea kwa moto wa haraka.

"Mgomba ukiugua, ng'oa shina zima mpaka tunguu la mwisho."

Ushauri huu ulitolewa na wataalamu wenyewe miaka ya mwanzo, kwa hiyo simlaumu anayeurudia. Lakini kung'oa shina lenye machipukizi yote ni kazi ya kuvunja mgongo, na wajane na wazee wengi waliukubali kwa mdomo tu kisha wakaacha migomba migonjwa imesimama. Utafiti uliofanyika baadaye, hasa Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, ulionyesha kwamba bakteria hawasambai katika mimea yote ya shina moja. Ukikata mmea mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, mara tu dalili inapoonekana, na ukarudia bila kuchoka kila unapoona mwingine, ugonjwa hupungua sana na machipukizi mazima yanaendelea kuzaa. Kazi hii inahitaji panga lenye ncha inayofika chini bila kugonga mawe, na linalopashwa moto kila baada ya mmea mmoja. Bila moto, njia hii inageuka kuwa njia ya kuusambaza ugonjwa.

Usihamishe kanuni hiyo kwenye kahawa. Mbuni wenye mnyauko fuzari hupukutisha majani, na ukichubua gome karibu na ardhi unaona mti wa ndani umekuwa na rangi ya buluu iliyoiva hadi nyeusi. Huo ung'olewe na kuchomwa palepale ulipokuwa. Usiukokote hadi nyumbani kuwa kuni, maana kila mahali utakapopita unaacha kuvu. Na wakati wa palizi, weka jembe na panga mbali na kitako cha mbuni, ng'oa magugu ya hapo kwa mkono. Kidonda kidogo kwenye gome, ambacho mpaliliaji hata hakukiona, kinatosha. Hata aliyepanda miche iliyotolewa mwaka 2011 kwa ajili ya kustahimili ugonjwa huu, Bukoba 1, Muleba 1, Maruku 1 na Maruku 2, hana sababu ya kuchezea gome.

"Chuma cha mababu kilikuwa bora. Haya ya dukani ni mabati."

Dai hili lina heshima ndani yake, na heshima hiyo ina msingi. Katuruka, kijiji kilicho karibu na Maruku, ni mahali ambapo masimulizi ya wazee yanamtaja mfalme Rugomora Mahe na mnara wake wa chuma, na ambapo mwanaakiolojia Peter Schmidt, akiongozwa na masimulizi hayohayo, alichimbua mabaki ya uhunzi wa kale sana. Kemondo nako kulifukuliwa tanuri za kuyeyushia chuma za karne za kwanza baada ya Kristo. Katika miaka ya 1970, wazee wa Kihaya waliokuwa wameuona ufundi huo ujanani walijenga tanuri upya: udongo wa kichuguu, shimo lililojazwa matete yaliyochomwa, mirija ya udongo iliyoingia ndani kabisa ya tanuri, na mivukuto. Schmidt na mhandisi Donald Avery waliripoti joto la zaidi ya nyuzi 1,800 kwenye midomo ya mirija hiyo, na kuchapisha matokeo katika jarida la Science tarehe 22 Septemba 1978.

Basi hakuna anayeweza kuwaambia Wahaya kwamba hawakujua chuma. Lakini kutokana na habari hiyo watu wameruka hadi kwenye dai kwamba kila kisu cha babu kilikuwa cha chuma kisicho na mfano duniani, na hilo halifuati. Hata dai la Schmidt na Avery kwamba hewa ilikuwa ikipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kuufikia moto wa tanuri lilipingwa na wataalamu wengine, akiwamo David Killick mwaka 1996. Kilichotoka katika tanuri zile kilikuwa bonge lisilo sawa, sehemu laini na sehemu ngumu zikiwa pamoja, na kazi kubwa ilikuwa ya mhunzi kutambua kipande kipi ni cha jembe na kipi ni cha kisu. Ubora ulikuwa katika macho na mikono yake. Nawaenzi wahunzi hao kwa hilo zaidi ya ninavyowaenzi kwa sifa za chuma kisicho na mfano.

Macho hayohayo ndiyo tunayoyahitaji gulioni leo. Mhunzi anayefua panga kutoka springi ya gari anaanza na chuma kizuri, chenye kaboni ya kutosha kukubali ugumu. Anayefua kutoka nondo ya ujenzi anakuuzia umbo la panga tu, litakata wiki hii na wiki ijayo litakuwa butu. Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Pitisha tupa kwenye ukingo: chuma laini huliwa kwa urahisi kama risasi, kilichopikwa vizuri huipinga tupa kwa ukaidi kidogo. Kwenye jiwe la mota, chuma chenye kaboni hutoa cheche nyingi zinazochanua matawi, cha nondo hutoa michirizi mirefu mitupu. Pinda bapa kidogo kisha achia, likibaki limepinda liache kwa mwenyewe. Panga la kiwandani nalo lipimwe hivyohivyo, jina lililogongwa kwenye bapa siku hizi linaweza kugongwa na yeyote.

Limebaki dai dogo, kwamba mpini haujalishi. Unajalisha. Utomvu hujificha pale bapa linapoingia kwenye mpini, mahali ambapo moto haufiki vizuri na kitambaa hakipiti, kwa hiyo mpini uliopasuka au unaotikisika haufai katika kibanja cha migomba hata kama bapa ni zuri. Tena kazi nyingi za kibanja hufanywa na akina mama, kwa mapanga yaliyonunuliwa na wanaume kwa kipimo cha viganja vyao. Mpini mnene kuliko kiganja huteleza, na mkato huenda pasipokusudiwa. Chagua mpini ambao misumari yake imelala sawa na ubao bila upenyo, na atakayelitumia panga ndiye aende gulioni kulishika kabla ya kulipia.